Iliki imeisha kwenye kopo ila databesi inasema bado ipo

Mama mdogo ana duka la viungo Ngamiani, Tanga. Iliki inayoshuka kutoka Amani, karafuu ya Pemba, mdalasini, binzari, pilipili manga, vyote kwenye makopo ya kioo na mizani ya kidijitali juu ya meza. Mwaka juzi nikamtengenezea kamfumo ka kurekodi mauzo, sio kitu kikubwa, databesi ya PostgreSQL (programu ya kuhifadhi data) nyuma na ukurasa wa kawaida mbele, anaandika kauza nini na kiasi gani, mfumo unapunguza mzigo, na kila asubuhi anafungua ripoti moja inaitwa Vilivyoisha halafu anawatumia watu wake meseji wamletee. Hiyo ripoti ndo anaipenda kuliko zote maana kabla ya hapo alikuwa anagundua kitu kimeisha mteja akiwa ameshasimama mbele yake.

Sasa Jumamosi moja simu inaita. Shikamoo mama. "Marahaba mwanangu, hebu niambie hii mashine yako, mbona iliki hainiambii imeisha? Kopo nalitazama hapa jeupe, hamna hata punje, na mtu wa pilau ya harusi kaondoka kaenda kununua kwa jirani."

Nikamwambia mama ngoja nicheki. Nikafungua ukurasa wa bidhaa nikaona iliki, baki 0.00. Sawa, imeisha. Nikafungua ripoti ya Vilivyoisha, iliki haimo. Yaani mfumo mmoja, ukurasa huu unasema sifuri na ukurasa wa pili unakataa. Kweri ya ripoti, yaani swali linaloulizwa databesi, ilikuwa mstari mmoja tu:

SELECT jina FROM bidhaa WHERE baki = 0;

Unaweza kukosea wapi hapo? Nikaingia moja kwa moja kwenye databesi nikaomba inipe baki ya iliki kama ilivyo, bila kupambwa na ukurasa, ikanipa hii:

1.3877787807814457e-16

Hiyo e-16 mwishoni maana yake kuna sifuri kumi na tano baada ya nukta ndo unaanza kukutana na moja. Ni iliki ndogo kuliko vumbi la iliki. Lakini sio sifuri, na kweri niliiuliza sifuri, ikanijibu kwa uaminifu kabisa kwamba iliki sio sifuri. Ukurasa wa bidhaa ndo ulikuwa unanificha, maana niliuambia uonyeshe tarakimu mbili baada ya nukta, kwa hiyo ukakata ule mkia wote ukaandika 0.00.

Imefikaje huko? Kilo moja ya iliki iliingia, baki ikawa 1. Wateja kumi wakanunua gramu mia mia, ambayo kwenye mfumo ni 0.1. Moja ukitoa sehemu ya kumi mara kumi unabaki na sifuri, mtoto wa darasa la nne anajua. Nikakaa kurudia mwenyewe kwenye mashine, mauzo moja moja. Ya kwanza 0.9. Ya pili 0.8. Ya tatu 0.7000000000000001. Hapo ndo inaanza kuchafuka. Inashuka hivyo hivyo na mkia wake mpaka ya tisa ni 0.10000000000000014, na ya kumi ndo ule uchafu niliouona. Kosa langu lilikuwa kwenye kuunda jedwali, kolamu ya baki niliipa aina ya DOUBLE PRECISION, yaani floti, namba ya nukta inayohifadhiwa kwa ukaribu tu, kwa sababu nilifikiria kilo zina nukta, na kitu chenye nukta si ni floti? Hapana. Hiyo fikra ndo nataka kuiandikia leo, maana nimeiona kwa watu wengi sana ninaofanya nao kazi, na madhara yake yanampata mtu aliyeko dukani ambaye hajui lolote kuhusu aina za kolamu.

Kinachotokea ndani ni hiki. Kompyuta inahesabu kwa mbili, kwa hiyo vipande inavyovijua kikamilifu ni vile vinavyopatikana kwa kukata katikati, na kukata tena katikati, na tena. Nusu inaijua. Robo inaijua. Thumni nayo inaijua, na hapa nazungumzia thumni kwa maana yake ya asili ya Kiarabu, sehemu ya nane, kabla haijawa jina la senti hamsini. Ukifikiria, vipimo vya wazee wetu sokoni vingi vilikuwa hivyo hivyo, pishi moja vibaba vinne, kibaba nusu yake, robo yake, wanakata katikati tu. Mama mdogo angekuwa anauza kwa nusu na robo peke yake huu mfumo usingekosea milele, 1 toa 0.25 mara nne ni sifuri safi kabisa, hata kwenye floti. Shida ni sehemu ya kumi. Kukata katikati hata ukate mara ngapi hufiki kwenye sehemu ya kumi kamili, ni kama kugawa shilingi kumi kwa watu watatu, unaandika 3.3333 mpaka karatasi inaisha. Kwa mfumo wa mbili sehemu ya kumi inaandikwa 0.000110011001100 na ile 0011 inajirudia bila mwisho, na kwa kuwa nafasi ina mwisho, biti 53 kwa floti ya baiti 8 (biti ni nafasi ya 0 au 1 moja, baiti ni biti nane), mashine inakata mahali na kuweka iliyo karibu zaidi. Kwa hiyo ukiiandikia 0.1 yenyewe inahifadhi 0.1000000000000000055511151231257827 na tarakimu nyingine zinaendelea. Kila ulipotoa gramu mia ulitoa kidogo zaidi ya gramu mia, na kila jibu lililopatikana nalo likasogezwa kwenye namba ya karibu inayoandikika. Haba na haba.

Na hili sio kosa la PostgreSQL wala la kampuni yoyote ya vichakataji, huo ndo utaratibu uliokubaliwa dunia nzima tangu 1985, unaitwa IEEE 754, William Kahan ndo aliyebeba sehemu kubwa ya kazi hiyo na akapewa tuzo ya Turing ya sayansi ya kompyuta 1989. Ni kazi nzuri sana, kabla yake kila kampuni ilikuwa na floti yake na hesabu ile ile inatoa majibu tofauti kwenye mashine tofauti. Floti imetengenezwa kwa ajili ya vitu vinavyopimwa, joto, umbali, mawimbi, latitudo na longitudo, vitu ambavyo hata kifaa cha kupimia chenyewe hakina uhakika na tarakimu ya kumi na sita. Kwenye vitu vya kuhesabiwa mpaka senti, sio mahali pake.

Kabla sijaendelea, wale wanaosema tofauti ya e-16 ni ndogo mno haina neno, naomba wasome habari ya Dhahran, Saudi Arabia, tarehe 25 Februari 1991. Mtambo wa Patriot wa Marekani, wa kudungua makombora, ulikuwa unahesabu muda kwa sehemu za kumi za sekunde, ikabidi uzidishe kwa sehemu ya kumi ili kupata sekunde, na sehemu ya kumi ilikuwa imekatwa kwenye biti 24. Haikuwa floti hasa lakini ni sehemu ya kumi ile ile inayokataa kukaa kwenye mfumo wa mbili. Mtambo ulikaa umewashwa kama saa 100 mfululizo, kosa likajikusanya mpaka theluthi ya sekunde, kama 0.34, na kombora linaloingia linakimbia sana, kwa hiyo mtambo ukatafuta mahali ambapo kombora halipo. Askari 28 walikufa. Sifananishi na duka la viungo, nasema tu kosa dogo likiachwa lijikusanye halibaki dogo.

Turudi dukani. Baada ya iliki nikaanza kuogopa, nikapitia kila kitu, na nikakuta la mdalasini ambalo mama mdogo aliwahi kunilalamikia nikalipuuza, na hili linaniuma zaidi maana alikuwa ananiambia ukweli. Alisema, mwanangu nilikuwa na gramu mia tatu nikauza mia, nikauza mia, ile mia ya mwisho mashine ikagoma ikasema mzigo hautoshi. Nikamwambia labda uliandika vibaya mama. Hakuandika vibaya. Mfumo kabla ya kuuza unaangalia WHERE baki >= 0.1, na ukichukua 0.3 ukatoa 0.1 kwenye floti unapata 0.19999999999999998, ukitoa tena unapata 0.09999999999999998, ambayo ni chini ya 0.1. Mdalasini upo kwenye mizani, mteja ana hela mkononi, na mfumo unakataa. Kwa hiyo mkia unaweza kwenda huku au kule, iliki ilibaki juu ya sifuri, mdalasini ulishuka chini ya kiasi, huwezi kujua mapema utaenda wapi.

Sasa kilichonishangaza wakati nachunguza, niliandika kwenye PostgreSQL SELECT 0.1 + 0.2 ikanipa 0.3 safi, na najua watu wengi wanaishia hapo wanasema mbona kwangu iko sawa. Iko sawa kwa sababu namba yenye nukta ukiiandika hivyo kwenye kweri PostgreSQL inaichukulia kama NUMERIC, ambayo ni desimali kamili, sio floti. Jaribu SELECT 0.1::float8 + 0.2::float8 (float8 ni DOUBLE PRECISION ile ile) ndo utaona 0.30000000000000004. Na hata hiyo utaiona kuanzia toleo la 12, matoleo ya nyuma yalikuwa yanakata tarakimu wakati wa kuonyesha kwa hiyo unaona 0.3 na bado ndani ni uchafu. MySQL, databesi nyingine, nayo hivyo hivyo, 0.1 uliyoiandika wewe ni desimali, ila kolamu uliyoiita FLOAT ni floti, ndo maana mtu anaweka 0.1 kwenye kolamu ya FLOAT, halafu anatafuta WHERE bei = 0.1 na hapati kitu. Kinachoamua ni kolamu.

Na FLOAT ya MySQL, pamoja na REAL ya PostgreSQL, hizo za baiti 4, kwa shilingi yetu usiziguse kabisa. Zina biti 24 tu, namba kamili ya mwisho inayoaminika ni 16,777,216. Milioni kumi na sita na kitu, hiyo kwa shilingi ya Tanzania ni bei ya kiwanja cha pembeni, sio hela ya kutisha. Ukiweka 16,777,217 inakurudishia 16,777,216, shilingi moja imeenda. MySQL tena wakati wa kuonyesha FLOAT inakupa kama tarakimu sita, ukiweka 1234567 unaona 1234570, mhasibu akiona hivyo anadhani kuna mtu kaiba.

Nilichofanya kwa mama mdogo ni mambo mawili. Uzito nimeacha kilo kabisa, kolamu sasa inaitwa baki_gramu na ni INTEGER, namba kamili, kilo moja ni 1000, gramu mia ni 100, na mizani yenyewe inasoma gramu nzima nzima kwa hiyo hakuna kinachopotea. Ukurasa ndo unagawa kwa elfu wakati wa kumwonyesha mtu. Hela nimeweka NUMERIC(14,2), yaani tarakimu 14 kwa jumla, mbili kati yake baada ya nukta. Kubadilisha kolamu ya hela ilikuwa hivi:

ALTER TABLE mauzo ALTER COLUMN kiasi TYPE numeric(14,2) USING round(kiasi::numeric, 2);

Ile ::numeric ndani ya round usiisahau, PostgreSQL haina round ya floti yenye sehemu ya pili ya kusema tarakimu ngapi, ukiandika round(kiasi, 2) wakati kiasi ni floti inakujibu fankisheni hiyo haipo, na watu wanahangaika masaa. Kingine, round ya NUMERIC inapokutana na nusu kamili inasogeza mbali na sifuri, 2.5 inakuwa 3, ila round ya floti kwenye mashine nyingi inasogeza kwenda kwenye shufwa, 2.5 inakuwa 2. Ukibadilisha aina ya kolamu baadhi ya ripoti za zamani hazitalingana na mpya kwa sababu hiyo, mwambie mhasibu mapema kabla hajakuuliza.

Ukiwa MySQL andika DECIMAL(14,2) na hizo namba kwenye mabano ziwepo, maana ukiandika DECIMAL peke yake unapata DECIMAL(10,0), haina nukta kabisa, unaweka 2.75 inakaa 3. SQLite, databesi ndogo, ndo inadanganya wengi, hasa hawa wa programu za simu, unaandika DECIMAL(10,2) inakubali bila tatizo lakini ni jina tu, haina desimali ya kweli ndani, 0.1 yako inakaa kama floti ile ile. Kwenye SQLite weka senti kama namba kamili, hakuna njia nyingine ninayoiamini.

Halafu ukishaweka NUMERIC kwenye databesi angalia na njiani. Drava ya Node ya PostgreSQL, kiunganishi kati ya msimbo wa JavaScript na databesi, inakurudishia NUMERIC kama maandishi, "4500.00" ndani ya alama za nukuu, na inafanya hivyo makusudi, kwa sababu JavaScript namba zake za kawaida ni floti. Sasa mtu anaona maandishi anakereka, anapiga parseFloat inayogeuza maandishi kuwa floti, anajumlisha huko, anarudisha. Kazi yote uliyoifanya chini imeharibika juu. Jumlisha ndani ya databesi kwa SUM, au tumia maktaba ya desimali. Kwenye lugha ya Python unaletewa Decimal, aina yake ya desimali kamili, tayari, ila ukiiunda mwenyewe iunde kutoka kwenye maandishi, Decimal('0.1'), ukiipa floti unaingiza mkia ule ule.

SUM ya floti nayo ina jambo lake. Kujumlisha floti kunategemea umeanza na ipi, (0.1+0.2)+0.3 inatoa 0.6000000000000001 ila 0.1+(0.2+0.3) inatoa 0.6. Databesi haikuahidi mpangilio wa kusoma mistari, na ikigawa kazi kwa wafanyakazi kadhaa kwa pamoja ndo kabisa, kwa hiyo ripoti ile ile ya mwezi ule ule ukiitoa asubuhi na jioni inaweza kutofautiana huko mwishoni bila mtu kugusa chochote. Na GROUP BY, ya kupanga mistari kwa makundi, kwenye floti, bei mbili zinazoonekana sawa kwenye skrini zinakuwa makundi mawili.

Ila nisiwadanganye kwamba NUMERIC inamaliza kila kitu. Floti ikiondoka unabaki na swali la kukadiria, na hilo ni lako, databesi haiwezi kukuamulia. Kiwango cha kawaida cha VAT Tanzania bara ni asilimia 18, tuseme risiti ina vitu vitatu vya shilingi 1,000 kila kimoja kodi ikiwa ndani. Ukitoa kodi kwa kila kitu, 1000 × 18 / 118, unapata 152.54, mara tatu 457.62. Ukitoa kodi kwenye jumla ya 3,000 unapata 457.63. Senti moja, na zote mbili ni sahihi kutegemea mmekubaliana nini, kaa na mhasibu, chagueni moja, na ukadirie mahali pamoja tu kwenye mfumo mzima. Ukiacha ukurasa wa risiti ukadirie kivyake na ripoti ya mwezi kivyake hazitakutana. Kugawana nako hivyo hivyo, laki moja kwa watu watatu ni 33,333.33, jumlisha unapata 99,999.99, ile senti lazima uandike inaenda kwa nani. Mimi naipa wa mwisho kwenye orodha kwa kutoa, jumla toa walizopewa wengine, sio kwa kugawa.

Na uangalie mabano, maana PostgreSQL na SQL Server, databesi ya Microsoft, zikigawa namba kamili kwa namba kamili zinatupa kilichobaki, bei * 18 / 100 inakubali ila bei * (18 / 100) ni sifuri, kodi yote inapotea na hakuna kosa linalotokea kwenye skrini. MySQL haifanyi hivyo, ndo maana msimbo ukihamishwa kutoka MySQL unaweza kuvunjika kimya kimya.

La mwisho ambalo hata mimi lilinifikia kwa kuchelewa. Mama mdogo ana mteja yuko Muscat anachukua karafuu, analipa kwa riali ya Oman. Riali moja ni baisa 1,000, tarakimu tatu baada ya nukta sio mbili, na mimi nimeweka NUMERIC(14,2) kila mahali nikiwaza shilingi. Bei ya 1.375 ikaingia ikakaa 1.38, PostgreSQL inakadiria bila kusema kitu. Kuwait na Bahrain nao ni tatu. Upande wa pili shilingi ya Uganda, faranga ya Rwanda na ya Burundi hazina senti kabisa kwenye ISO 4217, orodha ya kimataifa ya sarafu, ukimwandikia Mganda 5,000.37 hajui hiyo 37 aifanyie nini. Kwa hiyo sasa kolamu ya hela ni NUMERIC(15,3), pembeni kuna kolamu ya sarafu, na jedwali dogo linalosema kila sarafu ina tarakimu ngapi, kukadiria kunasoma huko.

Kuna jedwali moja bado sijaligusa, la manunuzi, lina miaka miwili ya kumbukumbu na limebeba floti kwenye bei na uzito pia. Nimeshatengeneza nakala yake, nimelinganisha jumla ya kila mwezi kabla na baada, miezi mitatu ina tofauti ya senti na nataka nizielewe moja moja kabla sijabadilisha la kweli. Jumapili hii duka likifungwa mchana naingia. Iliki imeletwa kilo tano, mama mdogo kanitumia picha ya kopo limejaa, na chini yake kaandika, "Ikiisha aniambie."